Nini Kitapita Humo? Maneno yangu kwa mafundi wa maabara, Mbeya

Kwa wenzetu mliokuwa zamu Jumamosi ile, na nyie mliokwama Mlima Nyoka nyuma ya malori, haya ndiyo niliyozungumza kuhusu plastiki za kutengenezea vifaa vidogo vya maabara. Picha za ukutani nimeziacha. Hazikuwa na kazi kubwa.

Mwenyekiti wa kikao, wakubwa zangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Rungwe na Kyela, mugonile. Na nyie mliopanda basi alfajiri kutoka Iringa na Mafinga, kamwene. Najua baridi ya Makambako imewafunza adabu njiani.

Kabla sijaanza, naomba dada uliyeketi pale mbele unisaidie kulinda kitu. Hapa mezani nina vipande viwili vya akriliki, plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo, vyembamba kama rula ya shule. Nimevipinda kidogo kama upinde na kuvibana kwenye ubao kwa misumari. Kwenye mgongo wa hiki cha kushoto naweka pamba yenye maji. Kwenye mgongo wa hiki cha kulia naweka pamba yenye spiriti, ileile tunayopangusia meza kila asubuhi. Basi. Viacheni hapo. Dada, ukisikia kitu kinalia, nikatishe hata kama niko katikati ya sentensi.

Tumeitwa hapa kuzungumzia plastiki zinazofaa kutengenezea vifaa vya maikrofluidiki. Neno lenyewe linatisha watu, naliona kwenye nyuso. Maana yake ni vifaa vinavyopitisha vimiminika kwenye vijifereji vyembamba kama unywele, ili kazi ya maabara nzima ifanyike kwenye kipande kinachoenea kiganjani. Chukueni kijifereji chenye upana wa maikromita 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita, kina cha maikromita 100 na urefu wa sentimita 1. Kinabeba maikrolita 0.1 tu. Tone la damu la kidoleni, tuseme maikrolita 50, linajaza vijifereji 500 vya namna hiyo.

Na msiseme hamjawahi kuvigusa. Kile kipimo cha haraka cha malaria ambacho tone linapanda lenyewe hadi kwenye mstari mwekundu, ni nini kile? Ukanda ule ni nitroselulosi, polima, yaani kitu cha molekuli ndefu kama mnyororo, iliyotokana na selulosi ya mimea. Katriji ya GeneXpert unayoitia makohozi ya mgonjwa wa kifua, ni nini ile? Ni plastiki yenye njia na vyumba ndani yake. Mmefanya kazi hii miaka, ila hakuna aliyewaambia jina lake.

Sasa kwa nini tujisumbue na aina ya plastiki? Ndoo ni ndoo, nyekundu au ya bluu, maji yanakaa. Lakini fikirini hivi. Kwenye ndoo, maji ya katikati hayajui ukuta uko wapi. Kwenye kijifereji chembamba kama unywele hakuna katikati. Kila kitu kiko jirani na ukuta. Ukuta ukiwa unakunywa dawa, dawa inakwisha. Ukuta ukiwa unachukia maji, maji hayaingii. Ukuta ukivimba, njia inaziba. Kwa hiyo kuna swali moja nitakalolirudia leo mpaka mnichoke: nini kitapita humo? Kabla ya bei, kabla ya mashine, kabla ya makala uliyosoma: nini kitapita humo?

Mimi mwenyewe sikuanza na swali hilo, na ndiyo maana nimepewa nafasi ya kuzungumza leo. Nina makosa mengi ya kusimulia.

Kazi hii ilianzia kwenye silikoni ngumu na kioo, kwa mitambo inayofanana na ile ya kutengenezea vipande vya kompyuta. Mwaka 1979 watu wa Chuo Kikuu cha Stanford walichonga chombo cha kutenganisha gesi juu ya bamba la silikoni. Mwaka 1990 Andreas Manz na wenzake, wakiwa Uswisi, wakatoa hoja kwamba uchunguzi wote wa kikemia, tangu kuandaa sampuli hadi kusoma jibu, unaweza kuingia kwenye kifaa kimoja kidogo. Hoja nzuri. Lakini nani kati yetu ana chumba kisicho na vumbi? Agosti, Mbeya hii? Ndipo mwaka 1998 kundi la George Whitesides, Chuo Kikuu cha Harvard, likaonyesha njia ya haraka kwa kutumia mpira unaoitwa PDMS, na maabara za dunia nzima zikaufuata.

PDMS nayo huitwa silikoni, na hapo watu huchanganyikiwa. Silikoni ya kompyuta ni ngumu kama kigae na inang'aa. Hii ya pili ni mpira, ndugu wa ile anayopaka fundi wa madirisha ya aluminiamu pembeni mwa kioo, inayonuka siki. Inakuja kwenye chupa mbili. Unachanganya kumi kwa moja kwa uzito, unatoa viputo kwa pampu ya ombwe, unamwaga kwenye kalibu, unaweka kwenye oveni, unabandua. Kila kilichokuwa kwenye kalibu kinatokea. Niliwahi kubandua moja nikakuta mfereji wa ziada, mzuri kabisa, umepinda kwa madaha. Ulikuwa unywele wangu.

Chipu yangu ya kwanza, yaani kipande chenye vijifereji, hapa Mbeya niliimwaga nikaiweka kwenye oveni, nyuzi 65. Saa nne zikapita. Naigusa, inanata kama ulimbo. Nikaongeza saa nne nyingine. Ulimbo. Nikaulaumu umeme, nikailaumu oveni, nikamlaumu aliyeniuzia. Mama mmoja, mkubwa wangu kazini, akasimama nyuma yangu. Hakuitazama oveni. Alitazama mikono yangu.

"Mwanangu, hizo glavu ni za mpira?"

Nikamwambia ndiyo, mama, za mpira, mpya kabisa. Akacheka. Zamani alifanya kazi kwa daktari wa meno, na ile rojo ya kuchukulia umbo la meno ya mgonjwa, baadhi yake ni ya ukoo huohuo wa silikoni. Kule waliambiwa siku ya kwanza: usiishike na glavu za mpira. Glavu hizo hubaki na salfa kutoka kiwandani, na PDMS hukomaa kwa msaada wa platinamu kidogo sana iliyomo kwenye chupa. Salfa ikigusa platinamu, inaizima. Nilipoigeuza chipu yangu kwenye mwanga, sehemu iliyonata kuliko zote ilikuwa na umbo la vidole vitatu. Vyangu. Nilikuwa nimeipapasa kalibu kuhakikisha ni safi.

Tangu siku ile natumia glavu za naitrili. Na huyo mama, kila nikimwaga PDMS, ananiuliza kama nimenawa.

Jambo jingine ambalo maelekezo ya kwenye chupa hayakumjua mtu wa nyanda za juu. Wanaandika kwamba kwa joto la chumba, nyuzi 25, inakomaa kwa saa 48. Nyuzi 25! Mwezi wa saba, Mbeya, nyuzi 25 tunazitoa wapi usiku? Ukiiacha mezani wakati wa kipupwe, mpe siku zake, usimpangie. Ukiwa na oveni ya kufika nyuzi 100 ni dakika 35, mambo yamekwisha.

Sasa nisiivunjie heshima PDMS, maana ina sifa zake. Inapitisha mwanga, kwa hiyo hadubini inaona ndani. Inapitisha oksijeni, kwa hiyo chembe hai zinapumua humo. Ni laini, na ulaini huo ndio kundi la Stephen Quake huko chuo cha Caltech, Marekani, walioutumia mwaka 2000 kutengeneza vali ndogo mno: unapuliza hewa kwenye mfereji wa juu, ukuta unabonyea, mfereji wa chini unafunga. Jaribu kufanya hivyo na kioo.

Lakini tabia ileile inayokusaidia Jumatatu inakuumiza Jumanne. Inapitisha oksijeni? Inapitisha na mvuke wa maji. Ukiipasha moto sampuli ndogo ndani yake, maji yanatoroka kupitia ukutani, chumvi inabaki inazidi ukali, na viputo vinajaa njiani. Kisha inachukia maji. Mmewahi kuona mvua ikinyesha juu ya jani la magimbi kule Tukuyu? Maji hayalowi jani. Yanakuwa shanga, yanateleza. PDMS haijafika pale, lakini iko njia hiyo: tone la maji husimama juu yake kwa pembe ya kama nyuzi 110, wakati kwenye akriliki ni kama 70. Kwa hiyo usitarajie tone la damu liingie lenyewe. Ukiipitisha kwenye plazima ya oksijeni, siyo ile ya damu bali gesi iliyochangamshwa kwa umeme, inageuka, inapenda maji, na hata inaungana na kioo moja kwa moja bila gundi. Furaha hiyo ni ya muda. Ukiiacha hewani inarudia tabia yake polepole. Ukitaka ikae, ihifadhi ikiwa imejaa maji.

Hayo yote unaweza kuishi nayo. Kilichonifundisha hasa ni pareto.

Kijana mmoja aliyekuja kwetu kwa mafunzo, kwao Mufindi, alikuwa na wazo. Mkulima wa pareto anapeleka maua yake yaliyokauka kwa mnunuzi, na thamani yake inategemea pairethrini zilizomo, ile sumu ya wadudu. Mkulima hana namna ya kujua. Anaambiwa. Kijana akasema, mwalimu, tutengeneze kifaa cha mkononi apime mwenyewe kabla hajafika kwenye mizani. Nani angekataa wazo kama hilo? Tukasaga maua, tukatoa kiini chake kwa heksani, maana pairethrini huyeyuka humo vizuri na ndicho kiyeyushi kilichozoeleka kwa kazi hiyo. Tukaunganisha mirija kwenye chipu ya PDMS. Tukaketi zamu kwenye hadubini.

Mwanzo vijifereji vilionekana kama barabara ya lami, kingo zimenyooka. Halafu kuta zikaanza kusogea. Taratibu, kama mtu anayefumba midomo. Kijana akasema, mwalimu, hadubini imehama. Nikairekebisha. Haikuwa imehama. Mfereji ulikuwa unafumba, na baada ya muda mfupi ukafumba kabisa, mrija ukachomoka, na heksani ikamwagika juu ya daftari lake.

PDMS ikiloa heksani huvimba. Urefu wake huongezeka kwa karibu theluthi, na hilo limeandikwa kwenye majedwali, nilikuwa nimelisoma. Nilisoma kama mtu anavyosoma onyo kwenye boksi la kiberiti.

Lakini kuvimba si ndiko kulikoninyima usingizi. Kuvimba unakuona. Tuseme isingevimba. Pairethrini ni molekuli ndogo zenye asili ya mafuta, na PDMS huzinywa molekuli za namna hiyo, zinazama ukutani. Kifaa chetu kingefanya kazi, taa ingewaka, namba ingetokea, na namba ingekuwa ndogo kuliko ukweli. Tungemwambia mama wa Mufindi aliyechuma maua kwa vidole vyake kwamba pareto yake haina nguvu. Naye angetuamini, kwa sababu mashine imesema. Hapo ndipo niliposhika kalamu nikaandika ukutani, juu ya oveni: NINI KITAPITA HUMO? Bado iko pale, imefifia kidogo.

Tulifanya nini baadaye? Rafiki aliyekuwa masomoni nje alituletea bamba dogo la plastiki iitwayo COC. Hizi plastiki za COC na COP wenzetu wanazisifu sana, na sifa zenyewe ni za kweli. Zinakunywa maji kidogo mno, chini ya asilimia 0.01. Zinapitisha hata mwanga wa urujuanimno. Haziwaki zenyewe chini ya taa ya kipimo kama plastiki nyingine, na hilo ni kubwa kama jibu lako linasomwa kwa mng'ao. Zinastahimili asidi, besi, spiriti, hata asetoni. Bamba lilikuja limefungwa kama mkufu wa harusi. Tukaweka tone la heksani.

Likaingia ukungu, likapasuka.

COC inastahimili vitu vyenye asili ya maji na spiriti. Vyenye asili ya mafuta vinaiua. Yaani hata alama ya kidole chenye mafuta ni ya kuchungwa, pale plastiki inapokuwa na mkazo. Kijana wa watu alikaa chini akashika kichwa.

Ndipo tukaenda Mwanjelwa kwa fundi mmoja wa mabango, anayekata herufi na ngao za michezo kwa mashine ya leza. Nikachukua mabaki ya akriliki sakafuni kwake, nikayatumbukiza kwenye chupa ya heksani, nikafunga. Kesho yake yalikuwa vilevile. Wiki iliyofuata vilevile. Mnaona mambo haya? Plastiki iliyosafirishwa kwa ndege imekufa kwa tone moja, na kipande kilichookotwa chini ya meza ya fundi kinaogelea. Ukiniuliza plastiki ipi ni bora, nitakuuliza tena swali langu.

Fundi yule nilimdharau kidogo mwanzoni, nakiri mbele yenu. Nilimpa mchoro nikadhani namfundisha. Akauliza: unataka ya kumwaga au ya kukamua? Sikujua anasema nini. Akaniletea vipande viwili, kwa macho yangu ni kitu kimoja. Ile iliyomwagwa kiwandani kati ya vioo viwili, leza inaichonga safi. Ile iliyokamuliwa kama tambi ni ya bei nafuu, lakini inayeyuka na kuvuta nyuzi kwenye kingo, na inabaki na mkazo mwingi ndani. Kisha nikampa plastiki nyingine laini niliyokuwa nayo mfukoni, nikamwambia jaribu na hii. Akaikataa. Akachukua waya wa shaba, akauchoma mpaka ukawa mwekundu, akaugusisha kwenye plastiki, akaurudisha motoni. Moto ukawa wa kijani. "Hii ina klorini," akasema, "hii siikati." Ilikuwa PVC. Ikikatwa kwa leza hutoa gesi ya asidi ya haidrokloriki. Inakula mashine na inakula mapafu. Ninyi mafundi wa mabango mliopo hapa, mpigieni makofi mwenzenu, hata kama hamumjui.

Alinikatia vijifereji. Gundi yake ya kawaida niliikataa, kwa sababu ni kiyeyushi kinachopenya chenyewe kati ya vipande viwili, na kinachopenya chenyewe kati ya vipande viwili kinapenya pia ndani ya mfereji wako. Nikabana vipande kati ya vioo kwa vibanio vya karatasi, nikavipasha hadi karibu na nyuzi 105, joto ambalo akriliki hulegea, vikashikana, nikaviacha vipoe polepole. Kifaa kikakaa. Heksani ikapita. Ijumaa jioni tulisoma namba ya kwanza na kijana akampigia mama yake simu.

Jumatatu asubuhi kifaa kilikuwa kimekufa.

Kimekufaje? Mtu mmoja mwema, mwenye bidii, alifika mapema akasafisha meza na vyote vilivyokuwa juu yake kwa spiriti, kama tulivyomfundisha. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui zilianza kila mahali leza ilipopita, zikaingia hadi kwenye mifereji. Leza inapokata, ukingo unayeyuka na kuganda ghafla, na unapoganda hivyo unabaki umejikaza ndani kama kamba iliyovutwa. Kuupasha kwangu siku ile, kwa muda niliopasha, hakukutosha kuulegeza wote. Spiriti inapenya pale penye mkazo, inalegeza, na plastiki inaachia.

Nilirudi kwa fundi nikiwa na huzuni. Akatazama nyufa kwa sekunde moja. "Ngao zangu nafuta kwa maji na sabuni tu," akasema. "Kama zitaguswa na spiriti nazipumzisha kwanza kwenye oveni, moto mdogo, nyuzi 80 hivi, masaa, halafu zinapoa humohumo." Nikamuuliza, fundi, mbona hukuniambia? Akanijibu: "Hukuniambia utapangusia nini."

Nini kitapita humo, na nini kitapita juu yake. Niliongeza mstari wa pili ukutani.

Kuhusu joto nitapita haraka, maana mwenzangu wa mchana ataligusa. Kama kifaa chako kinafanya PCR, yaani kuzidisha nakala za DNA, unahitaji nyuzi 95, mara nyingi, kupanda na kushuka. Akriliki inalegea karibu na 105 na polistairini kama 100, kwa hiyo unacheza ukingoni, na ukibana kwa nguvu mifereji inalala. Polikaboneti inafika kama 145, ndiyo wengi wanayoichagua, ingawa leza ya fundi wetu itaichoma iwe kahawia, itabidi uichonge kwa njia nyingine, na inang'aa yenyewe chini ya taa. COC inategemea daraja lake. Kuna ya nyuzi 70 na kitu na kuna ya 170 na zaidi. Ulizeni daraja, msinunue jina. Na hapa kwetu, kwenye mita kama 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka karibu na nyuzi 94. Ukitumbukiza plastiki yako kwenye sufuria inayotokota ukasema imefaulu jaribio la 95, umejidanganya kwa nyuzi moja. Nimeona ikifanyika. Sitaji mtu, na aliyecheka pale nyuma nimemwona.

Naingia kwenye jambo linalonikera, mnivumilie. Nani atatengeneza vifaa kwa maelfu?

Vijana wetu wanatengeneza vifaa kumi vizuri vya PDMS, wanapata maksi, wanapiga picha. Halafu anatokea mtu anasema nataka elfu kumi kwa zahanati. PDMS inachukua saa nzima au zaidi kwa kila kalibu. Kiwandani plastiki iliyoyeyuka inasukumwa kwenye kalibu ya chuma kwa shinikizo, na kifaa kinatoka kwa sekunde. Lakini PDMS haiyeyuki hivyo. Unalazimika kuhamia polistairini, au COC, au polikaboneti, na ukihama kila kitu kinabadilika: tone linasimama kwa pembe nyingine, ukuta haupumui, vali laini hazipo tena, namna ya kuunganisha ni nyingine. Miaka miwili ya vipimo unavirudia. Kama unajua toka mwanzo kwamba mwisho wa safari ni zahanati, kwa nini uanze na kitu kisichofika huko?

Kwa hiyo mimi siku hizi nawaambia vijana waanze chini. Mwaka 2007 watu wa kundi lilelile la Whitesides walionyesha kwamba karatasi inatosha: unachora kuta zisizopitisha maji ndani ya karatasi, na karatasi inavuta sampuli yenyewe bila pampu. Mwaka 2009 ikaja njia ya kuchapa kuta hizo kwa nta, unapasha moto kidogo, nta inazama mpaka upande wa pili, kuta zimesimama. Karatasi nayo ni polima, jamani. Ile misonobari ya Sao Hill inayokwenda kiwanda cha karatasi cha Mgololo inakwenda kutengenezwa selulosi. Tumezungukwa na polima halafu tunasubiri kifurushi kutoka ng'ambo.

Na Michelle Khine, alipokuwa Chuo Kikuu cha California, Merced, hakuwa na maabara ya kutosha, akatumia plastiki ya kuchezea watoto, ile unayoichora ukaiweka kwenye oveni ikasinyaa. Ni polistairini. Alichapa michoro kwa printa ya kawaida, akaiweka motoni, mistari ikasinyaa na kuinuka, akapata kalibu. Ilichapishwa mwaka 2008. Hapa mjini tuna mashine za kukatia stika za bajaji ambazo zinakata mistari chini ya milimita moja. Tuna mashine ya leminesheni kila steshenari. Kata mfereji kwenye stika yenye gundi pande mbili, ifunike juu na chini, sampuli ipite. Haitafika maikromita 100 kwa unadhifu. Milimita nusu itafika. Je, kipimo chako kinahitaji zaidi ya hapo? Wengi hawajawahi kujiuliza.

Kijana wa pareto? Yupo, yule pale dirishani, anajificha. Siku hizi anafanya na akriliki iliyopumzishwa, na kibao kimebandikwa juu ya meza yake: MAJI NA SABUNI. Bado anahangaika na vumbi la maua kuziba mlango wa kuingilia, na hilo plastiki haiwezi kumsaidia...

Naam, dada? Imelia? Mimi sikusikia, wazee walio nyuma hawakusikia, lakini wewe umesikia. Tuone.

Hiki cha kushoto, cha maji, kizima. Nakinyoosha, hivi, kizima. Hiki cha spiriti bado sijakigusa. Nani ana simu yenye tochi? Njoo, kijana wangu, mulika kwa ubavuni, usimulike kwa juu. Hapo hapo. Mnaziona zile nywele za fedha zinazokatiza mgongoni? Pita nacho mstari wa mbele kwanza, kisha nyuma, na mkishike kwa kingo. Ile moja ya katikati imeshafika upande wa pili.